Gari Alilolinyanyua Chirau

Kabla ya Agosti ya mwaka tisini na saba, mtu yeyote mwenye gari la chini upande wetu huu wa kusini mwa kivuko cha Likoni alikuwa akiambiwa neno moja: mpelekee Chirau. Gereji yake ilikuwa Ukunda, nyuma ya maduka, chini ya mabati yaliyoegemezwa ukuta wa kinu cha kusagia mahindi, na sifa zake zilifika Lungalunga. Barabara zetu zilikuwa mashimo matupu. Gari zuri lililoteremshwa melini Mombasa lilikuwa likikwaruza tumbo kabla halijafika kwa mwenyewe, oili ikimwagika njiani, na mwenyewe akaja gereji mikono kichwani. Chirau alikuwa na dawa. Alichukua tairi kuukuu la lori, akalikata pete nene kwa kisu alichokichovya katika maji ya sabuni, akazipachika pete zile juu ya springi, na gari likainuka kama kuku anayetoka juu ya mayai. Likapita juu ya mashimo bila kugusa chochote. Watu wakamwita Chirau Mnyanyua, naye akalipenda jina.

Baada ya Agosti ile hakunyanyua tena gari hata moja. Akiulizwa alisema mkono unamwuma. Mkono huohuo ulikuwa ukishusha injini mchana kutwa.

Mimi ni jirani yake wa Bongwe, na mwaka wa tisini na nane nilitoka chuo cha ualimu nikapangiwa shule moja ya Msambweni. Haya nimeyapata kwake mwenyewe, kwa mkewe Mwanasha, na kwa mwalimu mwenzangu Virginia, ambaye Chirau alimwita Mama Eddah kwa jina la bintiye. Wameniruhusu niyaandike. Virginia aliniomba jambo moja tu, kwamba nisimpambe mumewe.

Mumewe aliitwa Gedion. Walikuwa watu wa bara, wa upande wa Kakamega, lakini walikuwa wamekaa Ukunda muda mrefu hata Eddah akajua kuimba kwa Kidigo kabla ya kuijua lugha ya nyanya yake. Gedion alikuwa dereva wa hoteli moja ya Diani. Meneja wake Mjerumani alipokuwa anarudi kwao alimwachia BMW yake, nyekundu, milango minne, gari la mbio lililoundwa kukaa chini na kuikumbatia lami. Gedion aliliendesha kama aliyebeba mayai. Na kabla ya kuingia alikuwa na tabia ya kugonga paa kwa vidole, mara mbili, kama anayebisha hodi.

"Humo ndani mna nani unayembishia?" Chirau alimwuliza siku moja.

"Ninalitaarifu tu. Hata punda huambiwa kabla ya kupandwa."

"Punda akiambiwa hukimbia."

"Ndiyo maana wewe huna punda."

Hivyo ndivyo walivyokuwa. Njia ya kufika kwa Gedion ilikuwa ya mawe, na gari lile lilikuwa likikwaruza kila siku. Chirau akalinyanyua. Kwa kuwa Gedion alikuwa rafiki, akamkatia pete nene kuliko alizowahi kumkatia mtu.

Agosti ilipofika, makaratasi yalisambazwa yakiwataka watu wa bara waondoke Pwani. Likoni ikawaka, na moto ukateremka hadi kwetu. Redio iliita vurugu, kana kwamba ni pepo za baharini zilizovuma zikapita. Mimi siiti vurugu. Jambo lililochapwa kwenye karatasi lina mwenye kalamu, na mwenye kalamu yule hakuchomewa nyumba.

Virginia na Eddah walikimbilia uwanja wa kanisa. Dada yake Virginia, Linet, alikuwa akiuza dukani Msambweni, na hakuna aliyejua kama yu hai. Virginia alimwambia mumewe, "Nenda ukamlete Linet." Gedion akagonga paa, akaondoka mchana kweupe, na safari hiyo hakuendesha kama aliyebeba mayai.

Linet alikuwa amefichwa na mama mmoja Mdigo chumba cha uani, nyuma ya magunia ya nazi. Alingoja. Gedion hakufika. Kabla ya Gazi kuna kona iliyo na mkorosho mkubwa kando yake, na pale BMW lilitoka barabarani likaenda ubavu hadi kwenye shina, upande wa dereva.

Watu walisema mengi. Wengine walisema aliwekewa mawe barabarani na wavamizi. Wengine walisema mkorosho ule una jini na kila mwaka hutaka mtu wake. Askari waliokuja kuandika waliandika ulevi, na Gedion hakuwa amewahi kuonja hata tembo la mnazi. Virginia hakushika hata moja katika hayo. Yeye alikuwa na lake, na alilisema kila alipoulizwa, kwa sauti ileile kama anayesoma mahudhurio: "Mimi ndiye niliyemtuma."

Chirau alikuwa miongoni mwa wanaume waliokwenda kumtoa. Siku zile Mdigo kumbeba maiti wa bara mikononi halikuwa jambo dogo, na kuna walionuna. Alimbeba. Alipokwisha kumlaza juu ya mkeka aligeuka kulitazama gari, kwa sababu jicho la fundi haliombi ruhusa. Lilikuwa limeuegemea mti, gurudumu moja la mbele likining'inia hewani, na shokomzoba ya gurudumu lile ilikuwa imenyooka hadi mwisho, kama mkono wa mtu anayetafuta kitu chini ya kitanda. Akarudi nyuma kwa miguu. Hapo kabla ya kona lami ilikuwa imetitia pahali maji yanapokatiza. Alitafuta mawe. Hakukuwa na mawe.

Akaelewa. Gari likinyanyuliwa, shokomzoba hukaa zimenyooshwa hata zikiwa zimetulia. Gurudumu likikuta bonde halina tena pa kushukia. Huning'inia. Na gari refu lililokusudiwa kuwa fupi, likiingia konani kwa kasi huku gurudumu halijashika chini, haliendeshwi tena na mtu.

Hakusema neno. Nani angemwuliza fundi habari za springi siku ambayo nyumba zilikuwa zinaungua? Uovu mkubwa ni kivuli kizuri cha kosa dogo. Chirau aliingia ndani ya kivuli hicho akakaa.

Lakini hakukaa vizuri. Pete zake zilikuwa na sauti. Gari lililonyanyuliwa likipita shimoni, mpira hujisugua na chuma ukalia kama kitanda cha kamba chini ya mtu mzito, kwii, kwii. Zamani sauti hiyo ilikuwa sifa yake, akiisikia barabarani alikuwa akisema, "Mtoto wangu huyo anapita." Sasa alianza kuisikia pasipo na gari. Mwanasha aliniambia kwamba mumewe akimaliza swala alikuwa akitoa salamu kulia, kisha kushoto, halafu shingo ikabaki palepale kushoto, anasikiliza. Wanawe walidhani ni uradi mrefu.

Mwaka wa tisini na nane, hoteli zikiwa nusu zimefungwa na barabara zimeharibiwa zaidi na mvua kubwa, Virginia alirudi kutoka bara. Wakwe walimkataza. Alisema ana wanafunzi. BMW alikuwa amelikuta limevutwa hadi uwanja wa kanisa, akalipeleka Mombasa likanyooshwa bodi na kupakwa rangi, akaanza kwenda nalo shuleni Msambweni. Kwa hiyo kila siku ya kazi alipita ile kona, asubuhi na alasiri.

Aliwahi kunipa lifti. Alikuwa ameketi juu ya mto. Kiti hakuwa amekisogeza tangu kilipokaliwa na Gedion, aliyekuwa mrefu, na kioo cha ndani kilikuwa bado kimeelekezwa kwa macho yaliyo juu zaidi ya yake, hata akikitazama haoni ila dari. Alikuwa akiendesha bila kuona nyuma. Tulipofika mkoroshoni alipunguza mwendo hadi tukapitwa na mtu wa baiskeli aliyebeba makaa. Mimi nilimwambia kwamba Gedion aliuawa na waliochapa makaratasi. Bado naamini hivyo.

"Huenda," alisema. "Lakini gari lina magurudumu manne, Mwalimu, na hakuna hata moja kati yao lililosoma karatasi."

Mwisho wa mwaka gari lilianza kumshinda. Matairi yalikuwa yakilika ukingo wa nje, jipya likageuka kipara upande mmoja kabla ya muhula kuisha, na kwenye kona likiinama vibaya. Hapo ndipo alipolipeleka kwa Chirau.

Chirau alikuwa chini ya pikapu. Aliisikia sauti kwanza, kwii, kwii, ikikaribia kutoka barabarani, na akadhani ni ile ya kila siku. Kisha Luqman, mchomeleaji wa banda la pili, akasema, "Mnyanyua, mgonjwa wako wa zamani amekuja."

Akatoka chini, akasimama mbele ya lile gari jekundu huku mafuta yakimchuruzika viwikoni.

"Hodi, Baba Twaiba," Virginia alisema kutoka dirishani, akimwita kwa jina la mwanawe.

"Karibu, Mama Eddah. Habari za masiku?"

"Njema. Linanila matairi. Na kwenye kona linalala mpaka naona lami dirishani. Nataka likae kama lilivyokuwa limekusudiwa kukaa."

"Liuze," Chirau alisema.

"Nimekuja kwa fundi, sikuja kwa dalali."

Luqman akacheka, akavua miwani yake ya kuchomelea. "Mama, gari hili ugonjwa wake si wa spana. Lichinjie kuku, ulifukize ubani, kisha uone kama halitatulia."

"Kuku nitamla mimi, Luqman. Wewe utaletewa moshi wa ubani."

Chirau hakucheka. Aliomba chaki, na mwalimu hakosi chaki mkobani. Akachora mstari mnene juu ya kila tairi, kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, akamwambia aende mpaka njia panda ya Diani na arudi. Aliporudi walichutama pamoja mbele ya gurudumu. Chaki ilikuwa imefutika ukingo wa nje tu. Pengine pote mstari ulikuwa mweupe kama ulivyochorwa.

"Tairi lote pana hivi," Virginia alisema, "na linakanyaga kwa ukucha. Kwa nini?"

Hapo ndipo angesema. Alikuwa na jibu mdomoni, na aliyeuliza alikuwa karibu naye kiasi cha Chirau kuona nyuzi zilizochomoka kwenye mkono wa gauni lake.

"Springi zimechoka," Chirau alisema.

Akamtajia vitu vya kutafuta Mombasa: springi fupi na ngumu za gari la mbio, shokomzoba za gesi, bushi mpya za mpira, na kile kipingo cha chuma kinacholizuia gari lisiinamie upande mmoja, kiwe kinene kuliko cha zamani. Virginia alivitafuta vyote, vingine kwenye duka la spea, vingine kwenye mzoga wa BMW nyingine.

Wakati huo mwezi wa Shaaban ulikuwa unayoyoma. Kwetu Ramadhani haiingiwi na mizigo. Siku za mwisho kabla ya kufunga watu hula pamoja, tunaita kuvunja jungu, na hutakana radhi, nyumba kwa nyumba: nimekukosea kwa hili, niwie radhi. Watu wa siku hizi wamefupisha, wanasema "tuwiane radhi" kama wanaosema habari za asubuhi. Lakini bibi yake Chirau alimlea kwa ile ya zamani. Radhi isiyotajiwa kosa lake haijaombwa.

Mwanasha alikuwa akisonga sima alipomwanza.

"Mwaka jana uliomba radhi mtaa mzima. Nusura uwaombe na mbuzi wa watu. Ukarudi na uso uleule. Ni nani uliyemruka?"

Chirau akamwambia. Yeye ndiye mtu wa kwanza aliyemwambia.

Mwanasha aliipua sufuria kwanza. Kisha akasema, "Mwambie mwenyewe."

"Nikimwambia, gereji imekwisha. Nani atamletea gari fundi wa namna hiyo?"

"Usipomwambia umekwisha wewe. Gereji nitaiendesha mimi na Luqman."

"Luqman hajui hata kufunga nati."

"Na wewe hujui kufungua mdomo. Mtakuwa sawa."

Siku ya kazi Chirau alilipandisha gari kwenye jeki, akavua magurudumu, akazibana springi na kuzitoa. Pete zake zilikuwa zimegandamana na chuma. Alizibandua kwa bisibisi, na kila moja ilikuwa na alama ya duara iliyozama ndani ya mpira, kama alama ya pingu kwenye mkono. Aliziweka chini ya gunia, pembeni. Springi za zamani akaziegemeza ukutani, mahali pa wazi, bila kufikiri.

Kazi ile aliifanya kwa uangalifu ambao Luqman anasema ulimtisha. Alipachika springi mpya na shokomzoba, akafunga kipingo, akabadilisha bushi zote, na nati za mwisho akazikaza magurudumu yakiwa tayari yamekanyaga chini, ili mipira isijikunje vibaya. Kisha akatoa mshipi wa kuvulia samaki, akaufunga kwenye vyuma vilivyosimamishwa mbele na nyuma, akaunyoosha ubavuni mwa gari kila upande, akapima kutoka mshipini hadi kwenye magurudumu, mbele ya gurudumu na nyuma yake, akikaza na kulegeza hadi yakatazama njia moja. BMW lilikuwa limekaa chini tena. Lilionekana dogo, na kwa namna fulani lilionekana limepumzika.

"Mnyanyua ameshusha," Luqman alisema. "Sasa hata mimi nitaoga."

Virginia alikuja alasiri, kwa miguu kutoka steji ya matatu. Alisimama pale gereji kwa muda, akitazama gari, akatazama na springi zilizokuwa ukutani. Akachora chaki mwenyewe kwenye matairi. Kisha akamwambia Chirau, "Panda. Twende mpaka konani."

Chirau alifumba macho. Aliniambia kwamba alikuwa akingoja vidole vigonge paa. Havikugonga. Mlango ulifungwa tu, na Virginia alikuwa amekaa juu ya mto wake, mikono imenyooshwa kuufikia usukani.

Njia yote hapakuwa na kwii. Chirau alisema kimya kile kilikuwa kibaya kuliko sauti. Sauti angalau ilikuwa na pahali inapotoka.

Walipoukaribia mkorosho Virginia alianza kupunguza mwendo kama kawaida yake.

"Usipunguze hivyo," Chirau alisema. "Pita kama mtu mwingine yeyote."

Akapita. Gari lilizama kwenye lile bonde la lami likanyanyuka, magurudumu yakaifuata barabara chini na juu bila kuiachia, likaikata kona limenyooka kama mtu anayepita mlango wa nyumba yake. Ilikuwa rahisi mno. Ilikwisha kabla Virginia hajavuta pumzi.

Alisimamisha gari mbele kidogo, wakashuka. Mkorosho ulikuwa na kovu. Gome lilikuwa limeanza kukua juu yake, likifunika polepole, na ndani ya mkunjo wa gome kulikuwa na rangi nyekundu kidogo ambayo mti ulikuwa bado haujamaliza kuimeza. Virginia hakuugusa. Alichutama kwenye gurudumu la mbele. Chaki ilikuwa imefutika yote, ukingo hadi ukingo.

"Limekanyaga lote," alisema.

"Limekanyaga."

"Baba Twaiba, zile springi za zamani nimeziona pale ukutani. Ziko nzima. Mimi si fundi lakini chuma kilichochoka nakijua, nimekaa na madawati ya serikali. Kilichochoka kilikuwa nini?"

Chirau alibaki amesimama. Lori la mchanga likapita, upepo wake ukawapiga wote wawili.

"Hakikuchoka kitu," alisema. "Ni mimi. Nililinyanyua. Nilimwekea pete nene juu ya springi ili asikwaruze mawe ya kwenu, na gari hili halikuumbwa kunyanyuliwa. Siku ile nilipokuja hapa kumchukua, niliona gurudumu linaning'inia. Mawe sikuona. Gurudumu niliona."

"Unasema ndilo lililomuua."

"Sijui. Labda alikuwa anakimbia sana. Labda aliona watu, akashtuka. Hilo hakuna atakayelijua. Lakini mtu anayekimbia hupewa gari linaloshika barabara, na mimi nilikuwa nimeliachanisha na barabara. Nimelijua hilo tangu siku ile."

Virginia aliinuka, akajipangusa chaki vidoleni kwa muda mrefu.

"Nilikuuliza pale gereji, ukaniambia springi."

"Nilikuambia springi."

"Na wakwe zangu waliponiambia nilimtuma mtoto wao kwenye mauti, wewe ulikuwa huku unajua."

"Nilikuwa najua." Akakunja mikono kifuani, kama mtu aliyesimama mbele ya maiti. "Mama Eddah, naomba uniwie radhi."

"Ya nini? Itaje."

Hakujua kwamba ndiyo ada yetu. Au labda alijua; alikuwa amekaa nasi muda mrefu. Chirau akaitaja yote tena, pete na kunyamaza, kimoja baada ya kingine. Alipomaliza, Virginia alikuwa akitazama barabara, si Chirau. Kulikuwa na gari linakuja kutoka upande wa Msambweni, teksi nyeupe ya hoteli, ya mtu aitwaye Mwero. Lilikuwa refu juu ya magurudumu yake. Lilipofika kwenye bonde lilirukaruka, likayumba, likaishika kona kwa shida. Walilisikia wote wawili lilipopita. Kwii, kwii.

"Lile nalo ni lako?" Virginia aliuliza.

"Langu."

"Umenyanyua mangapi?"

"Sijui. Mengi."

"Na bado yanapita hapa."

"Yanapita."

"Basi usianze na mimi," alisema. "Mimi wangu amekwisha kufa. Nenda kwa wale walio hai kwanza."

Akaingia garini. Akashika chuma cha chini ya kiti akakivuta, kiti kikakataa, reli zake zilikuwa zimeota kutu mahali pamoja. Alivuta tena kwa miguu na mgongo hadi kikasogea mbele kwa mlio mkali. Mto akautupa nyuma. Akakishika kioo, akakiinamisha, na Chirau akaona macho yake ndani ya kioo yakiitazama barabara iliyokuwa nyuma yao. Alimrudisha Ukunda.

Ramadhani ile Chirau alifunga huku akisimama kando ya barabara. Aliyasimamisha magari aliyoyajua kwa sauti zao, akawaambia wenyewe waziwazi: nilikunyanyulia gari, nilikosea, niletee nilishushe. Kwa nini? Kwa sababu Gedion alikufa. Hakuficha. Wengine walimletea gari siku hiyohiyo. Wengine walimtukana, na saumu ikamzuia kujibu. Ilisemwa kwamba mwanamke wa bara amemfanyia kitu. Ilisemwa amechoka kichwa. Wateja walipungua, kama alivyoogopa. Kila pete aliyoitoa aliitungika kwenye waya ukutani, na waya ukawa mrefu.

Mwero alikataa.

"Uliponinyanyua ulinisifu," alimwambia. "Leo unataka kunishusha. Nikipasua sampu ya oili njiani na Mzungu yumo ndani, utakuja kumbeba mgongoni?"

"Ukitoka barabarani nitakubeba wewe, Mwero. Nimewahi kubeba."

"Barabara ipi? Nionyeshe barabara nami nitashuka."

Na hapa nasema wazi, Mwero hakukosea. Fedha za barabara ile zilikuwa na wenyewe waliozila, kama vile makaratasi ya Agosti yalivyokuwa na wenyewe walioyachapa. Lami ingekuwa lami, Chirau asingekata pete hata moja. Pasingekuwa na makaratasi, Gedion angeendelea kuendesha kama aliyebeba mayai, na pete zile zingemla matairi tu. Nimewataja hawa kwa sababu sitaki msomaji aondoke akidhani mzigo wote ni wa fundi mmoja wa Ukunda. Lakini nimezunguka Kwale yote, nimesoma magazeti, nimesikiliza mikutano, na kati ya watu wote wa Agosti ile, mtu mmoja tu ninayemjua amesimama akataja kosa lake kwa jina na kuomba radhi. Naye hakumgusa mtu.

Siku ya Idi Virginia alipita gereji na Eddah, wamevaa nguo nzuri, wakienda kwa Mwanasha kula pilau. Alisimamisha gari bila kuzima injini. Chirau alitoka, kanzu yake nyeupe, akainama dirishani.

"Idi njema, Baba Twaiba."

"Nawe pia, Mama Eddah. Shika upande wa kulia hapo mbele, kuna shimo."

"La Mwero umelishusha?"

"Bado."

Virginia alitazama ule waya wa pete ukutani, kisha akamtazama yeye.

"Basi bado," alisema, akaondoka.

Chirau alibaki pale. Wenzake walikuwa wakimwita akale, Luqman amekwisha kunawa. Kutoka upande wa Diani kulikuwa na gari linakuja, mbali bado, na alikuwa amegeuza shingo kushoto, anasikiliza.